Kazi ya Kwanza ya Muuguzi Hospitalini: Namna ya Kuitafuta, Kuikagua na Kuisaini

Hospitali ya kwanza ndiyo inayompa muuguzi mazoea yake. Namna atakavyopima, atakavyoandika, atakavyompigia daktari usiku wa manane, hata namna atakavyonyamaza anapoona kosa, yote huyaokota kwa wale anaowakuta wodini katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo, ukiwa na nafasi mbili mkononi, usianze kwa kupima jina la hospitali wala mshahara. Anza kwa kuuliza nani atakuwa ubavuni mwako, kwa wiki ngapi, na utaachiwa wagonjwa wangapi siku atakapoondoka.

Hili limeandikwa zamani. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani Marlene Kramer alieleza mshtuko unaowapata wahitimu wanapogundua kwamba wodi haifanani na walichofundishwa darasani. Mwaka 1984 Patricia Benner akaigawa safari ya muuguzi katika ngazi 5, kuanzia asiyejua hadi bingwa, na akaonyesha kwamba kuimudu kazi kwa uhakika huchukua takribani miaka 2 hadi 3 ya kufanya kazi ya aina ileile. Mhitimu yuko ngazi ya pili kutoka chini: anajua kanuni, anaweza kazi nyingi za mikono, lakini bado hajaona wagonjwa wa kutosha kutambua kwa haraka lipi linaweza kusubiri na lipi haliwezi. Hospitali inayomkabidhi wodi nzima katika wiki ya pili inamdai kitu ambacho hakuna mhitimu aliyenacho.

Makaratasi yasikukwamishe

Anza kukusanya nyaraka kabla ya matokeo kutoka. Utahitaji cheti cha taaluma na orodha ya alama zako, usajili na leseni ya kufanya kazi, kitambulisho, kadi ya chanjo, na cheti cha kufufua moyo na mapafu (vingi huisha muda baada ya miaka 2, kwa hiyo angalia tarehe). Kufaulu mtihani, kusajiliwa na kupewa leseni ni mambo matatu tofauti. Usikubali kugusa mgonjwa kama muuguzi kabla ya leseni, hata ukiambiwa ni kwa muda mfupi wakati inashughulikiwa. Likitokea jambo, bima haitakutambua, na aliyekuambia uanze hatasimama mbele ya baraza la wauguzi kwa niaba yako.

Kinachochelewesha maombi mengi ni majina kutofautiana. Cheti kina majina matatu, kitambulisho kina mawili, leseni ina herufi moja iliyokosewa. Linganisha nyaraka zote herufi kwa herufi na urekebishe mapema, maana marekebisho ya leseni yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Kisha piga skani kila waraka katika faili lake la PDF na ulipe jina linaloeleweka: jina lako, halafu aina ya waraka. Picha ya simu iliyopigwa kwa kuinamia meza, kivuli cha kichwa kikiwa juu ya muhuri, humfanya anayepokea akuweke pembeni.

Wadhamini wawe watu waliokuona ukiwa na mgonjwa. Mkuu wa chuo ana heshima yake, lakini barua ya msimamizi wa wodi aliyekusimamia wiki 8 ina uzito zaidi, kwa sababu anaweza kusema kama ulikuwa unarudi kuangalia dripu uliyoifungua. Waombe ruhusa kwanza, kisha watumie aya fupi: ulikuwa wodi gani, mwezi gani, na ulifanya nini. Wamepitisha wanafunzi wengi, wakumbushe.

Pa kutafuta

Anza na wodi ulikofanyia mafunzo kwa vitendo. Pale wanakujua, na wewe unajua kama wanafundisha au wanafoka. Katika wiki zako za mwisho muulize mkuu wa wodi swali moja tu: ajira za wahitimu hufunguliwa mwezi gani, na nani hupokea maombi? Hospitali nyingi huajiri kwa mafungu, kufuatana na mwaka wa bajeti na tarehe za mahafali. Anayeomba mwezi mmoja baada ya fungu kujaa husubiri fungu lijalo.

Tafuta pia katika mifumo ya ajira ya serikali, tovuti za hospitali zenyewe, na taasisi za dini na binafsi. Hospitali zenye programu maalumu ya wahitimu, inayodumu miezi 6 hadi 12 na kuunganisha zamu na vipindi vya darasani, zipe kipaumbele hata kama mshahara wao wa mwanzo uko chini kidogo.

Kuwa mwangalifu na mawakala. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala wa ajira hamtozi mfanyakazi ada, isipokuwa katika mazingira machache yanayoruhusiwa na mamlaka. Anayekuomba pesa ya “kushikilia nafasi”, “mafunzo ya awali” au “uchunguzi wa afya katika kliniki yetu” kabla ya kukupa mkataba ni wa kukimbiwa. Dalili nyingine ni ofa bila usaili, barua pepe isiyo ya hospitali, na kuombwa vyeti halisi badala ya nakala. Unapotaka kuhakiki, usipige namba iliyo kwenye barua ya ofa. Tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya utumishi ya hospitali hiyo, upige hapo. Anayekwenda nje ya nchi awe na mkataba uliosainiwa, wenye mshahara, saa na mahali pa kazi, kabla hajakata tiketi.

Weka daftari au jedwali: hospitali, tarehe ya kuomba, jina la anayeshughulikia, nyaraka ulizotuma, jibu. Zikipita siku 10 za kazi bila neno, uliza mara moja kwa adabu. Maombi 8 yaliyoandikwa kwa kila hospitali yenyewe ni bora kuliko 50 yaliyonakiliwa, na anayesoma hugundua nakala haraka, hasa jina la hospitali nyingine likisahaulika ndani ya barua.

Wasifu wa kurasa mbili

Mhitimu hana miaka ya kazi, lakini ana saa nyingi za wodini. Tatizo ni namna anavyoziandika. Tazama sentensi hii: “Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika wodi ya upasuaji ambako nilijifunza mambo mengi.” Msomaji hajapata kitu. Sasa tazama hii:

“Wodi ya upasuaji ya wanaume, vitanda 30, wiki 8. Chini ya usimamizi nilihudumia wagonjwa 4 kwa zamu: kumwandaa mgonjwa kabla ya upasuaji, kupima presha, mapigo, pumzi na oksijeni kila dakika 15 katika saa ya kwanza baada ya kurudi wodini, kusafisha vidonda, kuweka na kutunza kanula, na kujaza chati ya maji yanayoingia na kutoka.”

Ya pili inamwambia mkuu wa wodi ni kazi zipi anaweza kukukabidhi mapema na zipi bado. Ongeza chini yake orodha ya ujuzi uliogawanywa mara tatu: ninayofanya bila kushikwa mkono, ninayofanya nikisimamiwa, niliyoshuhudia tu. Wahitimu huogopa orodha hiyo ya tatu wakidhani inawashusha. Ukweli ni kwamba msimamizi mzoefu humwamini zaidi anayeandika kwamba kumsafisha mgonjwa njia ya hewa kwa mashine amekuona tu, kuliko anayedai anajua kila kitu. Usiandike jina, namba ya faili wala kisa kinachoweza kumtambulisha mgonjwa.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja au pungufu. Itaje nafasi, idara unayoitaka na sababu moja ya kweli inayotokana na ulichofanya wodini. Hadithi ya kupenda uuguzi tangu utotoni iache nje. Kila mwombaji anayo.

Usaili: wanachopima hasa

Maswali ya kujieleza yapo, lakini panapoamua ni swali la mgonjwa. Kwa mfano: mgonjwa wa miaka 54, saa 4 baada ya upasuaji wa tumbo. Presha 84/50, mapigo 126, anapumua mara 26 kwa dakika, ngozi ya baridi, bandeji imelowa damu. Utafanya nini?

Wengi hujibu, “Nitamwita daktari.” Jibu hilo halikosei, lakini halitoshi. Msaili anataka kujua mgonjwa atafanyiwa nini kabla daktari hajafika, na kama wewe utabaki naye au utakimbilia simu. Jibu linaloshika njia ni hili: sitamwacha, nitaita msaada nikiwa palepale. Njia ya hewa ni wazi? Pumzi, oksijeni. Nitamlaza chali, nitaongeza pedi juu ya bandeji na kukandamiza bila kuifungua ile ya chini, nitahakikisha kuna kanula mbili kubwa zinazofanya kazi, nitaanzisha maji kwa mwongozo wa hospitali, nitaangalia mirija na kiasi cha mkojo, na mwenzangu ataandika muda wa kila hatua. Kisha simu, kwa mpangilio wa hatua nne unaotumika katika nchi nyingi kwa jina la SBAR: hali ilivyo, historia, ninachokiona, ninachoomba.

“Daktari, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mgonjwa wa kitanda namba 9, presha imeshuka hadi 84/50 na mapigo ni 126. Amefanyiwa upasuaji wa tumbo saa 4 zilizopita, wakati huo presha ilikuwa 122/76. Naona anavuja damu. Naomba uje sasa hivi. Oksijeni ipo, kanula ya pili ipo, niagize damu?”

Fanya mazoezi ya kuisema kwa sauti mpaka iishe chini ya sekunde 40. Kuisoma kimya hakusaidii, maana ulimi ndio unaokwama siku ya usaili.

Hesabu za dawa nazo huja mara nyingi, na mara nyingi bila kikokotoo. Zijue aina tatu. Dripu: lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, ni 1000 mara 20 gawanya kwa dakika 480, yaani matone 42 kwa dakika. Kipimo kutoka kwenye kichupa: umeagizwa miligramu 75, kichupa kina 100 ndani ya mililita 2, utavuta mililita 1.5. Dozi kwa uzito: mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, ni miligramu 180, kama dawa ya maji ina 120 katika mililita 5, unampa 7.5. Ukimaliza kukokotoa, jiulize kama jibu lina akili. Anayepata mililita 75 za sindano akaziandika bila kushtuka, ameanguka. Kuna pia swali la mtego kuhusu kloridi ya potasiamu: haisukumwi mshipani bila kuchanganywa, hata daktari akiagiza kwa sauti kubwa.

Ukiulizwa kuhusu kosa la dawa, fuata mpangilio: mgonjwa kwanza, mpime na umwangalie, mjulishe daktari na msimamizi papo hapo, andika kilichotokea bila kupamba, jaza fomu ya tukio, mgonjwa aambiwe kwa utaratibu wa hospitali. Anayejibu kwamba hawezi kukosea kwa sababu yuko makini huwatia wasaili wasiwasi zaidi. Na ukiulizwa utafanyaje ukiagizwa kazi usiyoijua, sema hivi: sijawahi kuifanya peke yangu, naomba mtu asimame nami. Chunguza nyuso zao unaposema hivyo. Wakionekana kukereka, wameshakueleza maisha ya wodi hiyo yalivyo.

Zamu yako ya kuuliza

Mwishoni watakuambia, “Una swali?” Hapo wahitimu wengi hutikisa kichwa, na hiyo ndiyo hasara kubwa ya usaili mzima. Nenda na maswali yameandikwa.

La kwanza: mafunzo ya kuingia wodini ni wiki ngapi, na nitakuwa na mlezi mmoja, yaani muuguzi mzoefu wa kunifundisha kazini, au yeyote atakayekuwa zamu? Wiki 8 hadi 12 kwa wodi ya kawaida ni kiasi cha kuridhisha. Kwa wagonjwa mahututi inahitaji miezi. Mlezi anayebadilika kila siku hawezi kujua jana ulikwama wapi, kwa hiyo kila asubuhi unaanza upya.

La pili ndilo muhimu kuliko yote: katika wiki hizo nitahesabiwa katika idadi ya wauguzi wa zamu? Ikiwa zamu inahitaji wauguzi 4, na wewe ukiwemo wako 4, basi huna mlezi. Una mwenzako mwenye wagonjwa wake kamili ambaye pia ameambiwa akutazame. Siku ya shughuli nyingi atawahudumia wagonjwa wake, na hana kosa. Mafunzo ya kweli ni pale zamu inapokamilika bila wewe.

La tatu: muuguzi mmoja ana wagonjwa wangapi mchana, na wangapi usiku? Uliza namba zote mbili kwa sababu ya usiku hufichwa. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, uliofanywa katika hospitali 168 za Pennsylvania, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka kabisa na kazi. Jimbo la California liliweka ukomo kwa sheria iliyoanza kutekelezwa mwaka 2004: wagonjwa mahututi 2 kwa muuguzi, na wodi za kawaida za magonjwa ya ndani na upasuaji 5 kuanzia 2005. Hospitali nyingi duniani ziko mbali na namba hizo, na si kila mtu ana uwezo wa kuzikataa. Hata hivyo ukizijua unaweza kulinganisha, na unaweza kuona tofauti kati ya hospitali ya wagonjwa 10 kwa muuguzi na ile ya 25.

Jibu likiwa “inategemea”, usibishane. Uliza: wiki iliyopita usiku walikuwa wangapi? Mkuu wa wodi anayeijua wodi yake atajibu bila kufungua daftari.

Kisha uliza zamu yako ya kwanza ya usiku itakuwa baada ya muda gani, na nani mwandamizi atakuwepo jengo lile. Uliza wahitimu walioajiriwa mwaka jana walikuwa wangapi na wangapi bado wapo. Uliza mara ngapi mtu huhamishwa wodi nyingine kuziba pengo, na kama wapya nao huhamishwa.

Omba kuiona wodi

Omba kwa upole, ikiwezekana karibu na muda wa kukabidhiana zamu, saa moja asubuhi au saa moja jioni. Wakikataa kwa sababu ya usiri wa wagonjwa, waulize kama unaweza kusimama kwenye kituo cha wauguzi kwa dakika 15 tu. Mafaili ya wagonjwa usiyasome; bado si haki yako.

Angalia rosta ukutani. Jina moja likijirudia siku 9 mfululizo, au mtu akitoka usiku na kuingia mchana wa siku hiyohiyo, ndivyo utakavyopangwa wewe. Pendekezo namba 157 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1977, linataka wauguzi wapate angalau saa 12 za mapumziko mfululizo kati ya zamu na zamu. Angalia troli ya dharura: ina daftari la ukaguzi? Sahihi ya mwisho ni ya leo au ya mwezi uliopita? Sanduku la sindano lililojaa likavuka robo tatu maana yake hakuna aliyepewa jukumu la kulibadilisha. Kwenye sinki, sabuni ipo, maji yanatoka?

Mtazame muuguzi anayepima. Je, anahesabu pumzi huku akiangalia saa, au anaandika 20 akipita? Kubadilika kwa pumzi ni moja ya dalili za mapema kwamba mgonjwa anazidiwa, na wodi isiyohesabu pumzi hugundua mambo kwa kuchelewa. Tega sikio pia mtu mdogo anapouliza swali. Kujibiwa kwa kifupi ni kawaida wakati wa kazi. Kudhalilishwa mbele ya mgonjwa si kawaida, na mahali linapozoeleka watu huacha kuuliza, na hapo makosa ya dawa huongezeka.

Wodi ipi uanze nayo

Ule ushauri wa zamani kwamba kila mtu aanze mwaka mzima katika wodi ya magonjwa ya ndani au upasuaji una faida zake: utaona kisukari, presha, vidonda, maambukizi na wazee, na utajifunza kupanga kazi ya wagonjwa wengi kwa wakati mmoja. Lakini haukufanywa sheria. Chumba cha wagonjwa mahututi, wodi ya watoto au leba vinamfaa mhitimu mahali penye programu ya miezi iliyopangwa na mlezi maalumu. Bila hivyo, usiende, hata ukisifiwa usailini kwamba unaonekana jasiri.

Tunashauri uzikwepe nafasi tatu kama kazi ya kwanza: zahanati au kituo ambako utakuwa muuguzi pekee usiku, huduma ya majumbani ya peke yako, na kikosi cha kuziba mapengo kinachozunguka wodi zote. Zote zinahitaji mtu ambaye tayari ana mizani yake.

Soma mkataba ukiwa na kalamu

Mshahara ulinganishe kwa saa. Tuseme hospitali ya kwanza inalipa 100 kwa mwezi kwa zamu 14 za saa 12, jumla saa 168. Ya pili inalipa 110 kwa zamu 26 za saa 8, jumla saa 208. Ya kwanza ni 0.595 kwa saa, ya pili 0.529. Ile iliyoonekana kuzidi kwa asilimia 10 inalipa pungufu kwa takribani asilimia 11, na imekula siku zako 12 zaidi kwa mwezi kwenda na kurudi kazini. Fanya hesabu hiyo kwa kiasi kinachobaki mkononi baada ya makato, ukiongeza posho ya usiku na malipo ya muda wa ziada kama yameandikwa. Yasiyoandikwa yahesabu kuwa sifuri.

Kifungu cha kubaki kazini kinahitaji macho zaidi. Hospitali ikikulipia mafunzo inaweza kukutaka ubaki muda fulani, na hilo si baya lenyewe. Angalia mambo mawili: deni ni kiasi gani kwa tarakimu, na linapungua kadiri unavyofanya kazi? Kwa mkataba wa miezi 24, aliyeondoka baada ya 18 anapaswa kudaiwa robo tu. Kifungu kinachodai kiasi chote mpaka siku ya mwisho kataa au omba kirekebishwe. Kutoa vyeti halisi vikae kwa mwajiri kama dhamana, usikubali kamwe. Mwajiri anahitaji kuviona na kubaki na nakala.

Hakikisha mkataba unataja cheo chako kama muuguzi, maana wapo wanaoajiriwa kwa jina la msaidizi, wakalipwa hivyo, na wakatumikishwa kama wauguzi. Tafuta urefu wa muda wa majaribio na nani anakutathmini, siku za notisi kwa pande zote mbili, likizo, nani analipia kuhuisha leseni, na kama kuna bima ya makosa ya kitaaluma. Ahadi ya mlezi na wiki za mafunzo iingizwe kwa maandishi. Kama mkataba ni wa kuchapwa usiobadilishwa, tuma barua pepe: “Kama tulivyozungumza, nitakuwa na mlezi kwa wiki 10 na sitahesabiwa katika idadi ya zamu. Naomba mthibitishe.” Jibu lao lihifadhi.

Kinga kabla ya zamu ya kwanza

Chanjo ya homa ya ini aina B hutolewa mara tatu kwa ratiba ya kawaida: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Anza sasa kama hujaanza. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho pima damu kuona kama mwili umejenga kinga. Kiwango kinachohesabika ni 10 mIU/mL au zaidi. Wapo ambao hawajengi kinga kwa mzunguko wa kwanza, na bila kipimo hawajui.

Uliza utaratibu wa anayejichoma sindano: dawa za kinga ya VVU ziko wapi saa nane usiku, nani anazitoa, nani analipa? Dawa hizo zianze mapema iwezekanavyo, na zisichelewe zaidi ya saa 72. Hospitali ambayo jibu lake ni kwamba usubiri ofisi ifunguliwe Jumatatu imekwisha kula sehemu kubwa ya saa hizo.

Kukubali, na kuangalia kama ahadi imeshika

Ukipata ofa, shukuru na uombe siku 3 hadi 5 za kuisoma. Ni ombi la kawaida. Anayekulazimisha usaini palepale anaficha kitu au ana pengo linalomchoma, na pengo hilo litazibwa na wewe. Ukisaini kwingine, waandikie waliobaki siku hiyohiyo kwa sentensi mbili za heshima.

Miezi ya kwanza weka kumbukumbu fupi: tarehe, wagonjwa wangapi, mlezi alikuwepo au hakuwepo, ujuzi mpya uliosimamiwa. Bila majina ya wagonjwa. Ahadi zikivunjwa, siku moja moja ni dharura za kazi na kila hospitali inazo. Zikivunjwa wiki mbili mfululizo, mwone mkuu wa wodi ukiwa na tarehe mkononi, useme unachohitaji kwa maneno ya wazi: “Naomba zamu zangu za wiki 4 zijazo zilingane na za mlezi wangu.” Asipoweza, nenda kwa muuguzi mkuu wa hospitali, kwa maandishi. Fanya hivyo kabla muda wa majaribio haujaisha, kwa sababu ndani ya muda huo notisi huwa fupi kwa pande zote mbili na kuondoka hakuachi doa kubwa kwenye wasifu. Na ukiamua kuondoka, toa notisi na umalize zamu zote ulizopangiwa. Kuondoka katikati ya zamu bila kumkabidhi mtu wagonjwa wako ni kosa la kitaaluma linaloweza kufika barazani, hata kama kila malalamiko yako yalikuwa ya haki.